Viatu vya Bibi Mnadani

Naomba mnicheke mapema, mkimaliza ndipo nisimulie, maana aibu hii naibeba tangu mwaka ule niliotoka chuo kikuu na shahada yangu, nikarudi Chonyonyo kusubiri barua ya kupangiwa kazi, na badala ya kazi nikapangiwa miguu ya Bibi.

Bibi, mama yake baba, aliyenilea, alikuwa ameanza kuumwa miundi, ile mifupa ya mbele ya miguu chini ya magoti, na maumivu yalimshika zaidi akiteremka kilima. Kwetu ni kupanda na kuteremka tu, kwa hiyo alianza kupunguza safari: kwanza gulio, kisha kwa mdogo wake kule Kiruruma, likabaki kanisa peke yake. Siku moja akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba karibu atakuwa mtu wa kuletewa habari. Nilishindwa hata kula.

Nikampeleka zahanati. Mganga akambonyeza bonyeza, akasema mifupa ni mizima, ila miguu inachoka kwa kutembea peku kwenye mawe. Apunguze mizigo, apumzike maumivu yakizidi, akande kwa kitambaa cha maji baridi, na apate viatu vyenye soli nene isiyojikunja ovyo, vinavyoshika kisigino na kuacha vidole vicheze. Tena nimpime alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa shughuli za siku. Nikazunguka gulioni kwenye mitumba wiki baada ya wiki (muuza viatu alifikia kujificha akiniona), nikikunja soli na kupima kwa kijiti nilichokata sawa na unyayo wa Bibi, mpaka nikapata raba za bluu zilizomkaa vizuri.

Bibi alizipenda mno, na hilo ndilo lililotuponza. Kwetu kiatu kizuri hakikanyagi njia. Wazee hutembea peku, viatu vikiwa kichwani, wakikaribia kanisa wanafuta miguu kwenye majani, wanavaa, wanaingia. Kwa hiyo miundi ya Bibi ilipanda na kuteremka bila msaada, halafu raba zikakaa chini ya benchi zikisikiliza mahubiri. Nilipomweleza alinijibu, “Mjukuu wangu, chombo cha sebuleni hakipelekwi shambani.”

Jumapili ya sikukuu ya mavuno sikutaka kugombana naye. Nilikuwa nimebeba kikapu cha maharage ya sadaka, nikaona (uamuzi mdogo tu) nimpunguzie mzigo kichwani: nikaziweka raba juu ya maharage, nikazifunika kwa jani la mgomba, ili nimpe tukifika mlangoni. Tukachelewa. Kwaya ilikuwa imeshaanza, mama wa zamu akaninyang’anya kikapu akisema sadaka ndiyo inapita, na kabla sijaamua kama ni adabu kutaja viatu katikati ya wimbo, kikapu kilikuwa madhabahuni na mchungaji amenyoosha mikono anaviombea vyote. Nikaanza kuwaza: je, kiatu kilichoombewa bado ni cha mtu? Bibi, peku kando yangu kwenye benchi la nyuma, akaninong’oneza viatu vyake viko wapi. Nikamjibu viko mahali salama. Sikusema uongo.

Baada ya ibada sadaka za mavuno hunadiwa uwanjani. Mzee Elia, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kuita ng’ombe, akamaliza kunadi ndizi na kuku, akafunua lile jani, akainua raba juu. Watu wakacheka mpaka mchungaji akageukia pembeni. Mzee Elia akauliza ni nani huyu mwenye imani kubwa hivi hata anamvalisha Mungu raba. Ningesema ni mimi, mambo yangeishia hapo. Lakini Bibi alikuwa mbali kidogo akisalimiana na wenzake, nami nikawaza, nikawaza tena, nikaona heri nizinunue kimya kimya, asijue mtu. Nikanyoosha mkono. Mke wa mwalimu naye akanyoosha wake. Nikapandisha, akapandisha, na kila nilipopandisha watu walizidi kunitazama, maana raba zilikuwa ndogo, za kike.

“Msomi,” akaniuliza mwanakwaya mmoja, “kumbe mchumba wako anatembea peku?”

Pesa zikaniishia mfukoni. Nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema naongeza na jogoo, yule mwekundu wa nyumbani.

Bibi alikuwa amenigeukia.

“Jogoo huyo ni wangu,” akasema. “Na viatu hivyo ni vyangu. Sasa wewe unanunua nini?”

Sijui nilieleza kwa mpangilio gani. Nakumbuka nilianzia zahanati, nikapitia vidole vinavyotakiwa kucheza, nikaishia kusema kwamba kwetu viatu vinapumzika na miguu ndiyo inafanya kazi. Walicheka, lakini wazee kadhaa waliacha kucheka kabla ya wengine, na mmoja akainama akajishika chini ya goti, akauliza kama ugonjwa huo una jina. Mke wa mwalimu akashusha mkono. Mzee Elia akazitazama raba, akazitazama nyayo za Bibi zenye tope.

“Mama, kitu cha Mungu hakirudi bure,” akasema. “Utazikomboa kwa kuzivaa. Kuanzia hapa mpaka kwako, kuwe na tope, kusiwe na tope. Tutakuangalia.”

Nikapiga magoti mbele ya kanisa zima, nikamfuta miguu, nikamfunga kamba. Bibi akasema kwa Kinyambo chetu neno ambalo sitaliandika. Kisha akaanza kuteremka, na watu wakajipanga ukingoni mwa uwanja kuhakikisha. Katikati ya mteremko, pale ambapo kila Jumapili alisimama kujikanda miguu, alipita bila kusimama. Niliona. Naye aliona kwamba nimeona, akasema, “Usiseme kitu.”

Maumivu hayakwisha siku hiyo, na akizidisha mwendo bado hukanda kwa maji baridi. Ila mwezi uliofuata tulishika njia ya Kiruruma kwa mdogo wake, tukipumzika kila alipotaka. Mimi nimeapa kwamba nikipokelewa mzigo mlangoni nitasema kwanza kilichomo, hata kama malaika ndio wanaoimba. Kiapo hicho nilikuwa nikikipanga maneno kichwani katika safari hiyo, nimebaki nyuma sana, Bibi alipogeuka, raba zote tope, akauliza kama msomi anataka kubebwa.