Siku Nilipomsingizia Bibi Bakteria

Jumamosi, saa kumi na nusu alasiri, ndipo nilipojiaibisha mbele ya ukoo mzima, na hata sasa ninapoandika masikio yananiwaka.

Shangazi Zuhura alikuwa wodini, ametolewa mji wa mimba kwa sababu ya kansa, halafu kidonda kikatunga usaha na homa ikagoma kushuka. Maabara ya hapa walijaribu kuotesha usaha ule, hakikuota kitu, basi daktari akaupeleka nje ya nchi kwenye mashine ya kusoma vinasaba vya vijidudu, na majibu yaliporudi nilikuwepo mimi peke yangu, nimepeleka uji. Akanieleza bila kupepesa macho: bakteria waliopatikana ni wale wanaoishi ukeni kwa wanawake, wakati wa upasuaji wakapenya ndani, hakuna wa kulaumiwa, dawa anabadilisha leo leo.

"Kawaeleze nyumbani," akasema.

Nyumbani Kariakoo sebule imejaa: baba, wajomba, majirani, na baba mdogo aliyerudi juzi kutoka Dubai na maredio yake ya kuuza. Wote wananikodolea macho. (Mimi hata nikiitwa jina darasani natetemeka.)

"Haya mwanangu, wadudu gani hao?" baba akauliza.

"Wa kawaida tu. Wanaishi mwilini."

"Mwilini wapi?" baba mdogo akadakia.

Neno lile silitamki mbele ya wazee, nikaona nitafute kiungo chenye heshima zaidi.

"Mdomoni."

Loo! Shingo zote zikamgeukia bibi, mama yao baba na shangazi, ambaye tangu aje kutoka Lindi kila siku anamsomea shangazi dua na kumpulizia tumboni (na bibi akipuliza, mate nayo yamo).

"Mama, si nilisema mimi uache kupuliza!" baba mdogo akaruka. "Kuanzia leo wodini huendi!"

"Mdomo wangu huu?" bibi akasimama. "Uliokutafunia chakula ukiwa huna meno, leo ndio unamuua Zuhura?"

Jirani mmoja akashauri bibi apimwe, mwingine akasema asukutue maji ya chumvi, mjomba mmoja akataka kujua meno yamebaki mangapi, na bibi huyo, akaingia chumbani, akaanza kukunja kanga zake arudi Lindi bila hata kumuaga mwanawe, machozi yanamchuruzika.

Hapo nikapasuka.

"Ukeni! Daktari kasema ukeni! Wanawake tunao, hata mimi!"

(Hata mimi! Nani aliniuliza?)

Mjomba akakumbuka ana mteja dukani. Baba akawa anazungusha kitufe cha redio ambayo hata haijachomekwa kwenye umeme.

Nimeapa: daktari akitaja kiungo, nitakitaja hicho hicho, nife kwa aibu yangu mwenyewe.

Asubuhi nikampelekea bibi chai. "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kaa mbali, nisije nikakuua," akafunika mdomo kwa kanga.

Nikapiga magoti, nikamwomba anisomee dua mimi kwanza kabla hatujaenda kwa shangazi. Akanitazama, akashusha kanga, akasoma, kisha akanipulizia usoni kwa nguvu zake zote, nami sikujifuta.