Mpima Damu na Mashemeji wa Bandani

Mpima damu ya nguruwe ana mikono mipana kama sahani, lakini sindano huishika utadhani ameokota unyoya. Kabla ya kutoboa mshipa wa shingo hupiga hodi kwenye ukuta wa banda, na humwita kila nguruwe jike shemeji. "Shemeji, samahani, ni kidogo tu," husema kwa sauti ya mgeni mwenye haya. Shemeji hupiga mayowe mpaka majirani wanatoka nje, naye huitikia, "Kweli kabisa, una haki."

Safari hii mama mwenye nguruwe hakuwa na hamu ya kucheka. Damu ya kipimo cha kwanza ilikutwa na kingamwili, zile chembe ambazo mwili huunda kupigana na ugonjwa. Kama zililetwa na virusi, banda zima lingeuawa na kufukiwa. Kama zilitokana na chanjo, basi salama. Kipimo cha pili ndicho kingeamua. Alipomwona mpimaji akishuka kwenye pikipiki na majibu, alimkimbilia na ndoo mkononi. Mpimaji akampita, akachuchumaa mbele ya jike mkubwa. "Shemeji, ni chanjo tu. Huna ugonjwa." Jike akampigia chafya usoni.

"Yaani nguruwe anaambiwa kabla yangu?" mama akafoka.

"Mama, si aliyetobolewa ni yeye?" akajibu akijifuta, akahamia chumba cha pili cha banda.

Mama akaketi juu ya gunia la pumba, akaisikiliza habari ileile ikitolewa upya chumba kwa chumba, na kila mara akashukuru kana kwamba ndiyo kwanza anaisikia.