Mabawa ya Hariri

Juzi, kwenye harusi huko Mlingotini, kijana mmoja alirusha kidege cha kupigia picha, nami nikamkumbuka Bwana Jivan, fundi redio wa Bagamoyo, na ndege ndogo ya redio aliyoiunda kwa kufuata mchoro wa Kiingereza. Mbao alizichonga mwenyewe. Mabawa alimletea mama yangu, fundi cherehani, ayavike hariri. Mama hakujua Kiingereza, lakini aliutandaza ule mchoro sakafuni, akautazama kitambo, kisha akakata kitambaa bila kusita, kama akatavyo kanzu. Nyumba nzima ilinuka vanishi ya kukazia hariri.

Alasiri ya kuirusha tulikwenda sote watatu uwandani, nje ya mji. Injini ililia kama nyigu, ndege ikapaa, ikashika njia ya baharini. Bwana Jivan alikuwa kimya, anabonyezabonyeza kisanduku chake. Mimi nilidhani ndege ya redio huongozwa kwa maneno, nikamwonea huruma, nikijua ameyasahau.

"Rudi!" nikapiga kelele. "Rudi huku!"

Ikageuka. Leo najua kilikuwa ni kitufe, ila Bwana Jivan aliniambia, "Ahsante, binti yangu. Imekusikia."

Ilianguka kwa kishindo kwenye shamba la mihogo. Tuliikimbilia. Gurudumu moja lilikuwa limevunjika, lakini hariri haikuchanika hata kidogo. Bwana Jivan aliyapapasa mabawa yote mawili, akainuka, akavua kofia.

"Mama Zuhura, mimi nimechonga mbao tu. Ndege umeiunda wewe."

Mama alivuta kanga usoni.