Vioo Kwenye Ukuta wa Baraza

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyobandua vioo vitano kwenye ukuta wa jengo la baraza pale Karatu mjini, nikavificha kwenye mtoto wa meza nikiamini nimeliokoa jengo. Jana nimesoma ulichoandika kwenye kundi la simu kuhusu wale vijana wawili waliokuja kulipima jengo hilo hilo. Umewaita wezi wa kiwanja. Huenda ni kweli. Lakini kabla hujaandika tena, kaa nikusimulie.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, karani mgeni pale barazani. Nilitoka Malambo, kwenye nyumba ambazo mama zetu huzijenga kwa mikono yao kwa fito, udongo na samadi, na mvua ikipasua ukuta, asubuhi mama anaziba. Nyumba ya mawe ilikuwa kitu kigeni kwangu, lakini ile niliipenda tangu siku ya kwanza. Kuta zake nene, unaweza kukaa dirishani ukakunja miguu. Nguzo nne za mawe kwa mbele, paa limebebwa na mbao za mierezi kutoka msitu wa upande wa Oldeani, na juu ya madirisha matundu madogo ya kutolea joto. Watu walisuluhishiwa mashauri ya mipaka na ng'ombe ndani ya ukumbi ule tangu sijazaliwa. Ukiongea polepole upande mmoja, walio upande wa pili wanakusikia.

Basi mwaka ule zikaanza habari kwamba jengo limechoka. Wapo waliokitaka kiwanja, kwa kuwa kiko kando ya barabara kuu ya kwenda Ngorongoro na magari ya watalii hayapungui pale. Bosi wangu alitutangazia kwamba kuta zimepasuka na mhandisi atakuja kuzikagua. Tangu siku hiyo nikawa namtazama kila mtu kwa jicho la pembeni, bosi mwenyewe akiwemo.

Aliyenitia shaka zaidi alikuwa Mzee Tluway, fundi mwashi mstaafu. Alikuja karibu kila wiki, mchana kweupe, wala haingii ofisini kusalimia. Anapita nyuma, anachuchumaa, anakwangua plasta ya saruji chini ya ukuta kwa tindo, kisha anaandika kwenye daftari. Siku moja nilimkuta na mwanamume nisiyemjua, wanaongea Kiiraqw. Mimi Kiiraqw sikujua hata salamu. Waliponiona wakanyamaza. Hilo tu lilinitosha, mwanangu. Nikajiambia huyu ametumwa kuidhoofisha nyumba ili mhandisi aikute mbovu.

Walipoondoka nikaenda kutazama. Juu ya nyufa kulikuwa na vipande vyembamba vya kioo, kila kimoja kimebandikwa kikavuka ufa, na pembeni pameandikwa tarehe kwa penseli. Nikaamua kwamba hizo ni alama za mahali pa kubomoa. Nikachukua rula ya chuma, nikavibandua vitano vilivyokuwa ukuta wa nyuma. Viwili vya ukumbi wa mbele vilikuwa juu sana, karibu na paa, sikuvifikia. Kisha nikamwambia mlinzi asimruhusu yule mzee tena. Kumsimamisha mzee mwenyewe na kumuuliza anafanya nini, hilo halikunijia kabisa. Nilijiona mjanja.

Majuma matatu baadaye mhandisi akafika, ukaitishwa mkutano wa wananchi ukumbini. Alieleza kwamba nyufa zinazidi kupanuka, na ushauri wake ni jengo zima libomolewe. Mzee Tluway akasimama na daftari lake. Alisema mawe ya nyumba ile aliyabeba mwenyewe akiwa kijana, akimsaidia baba yake kujenga. Nyufa zile, alisema, ni za zamani na zimetulia. Amezichunga kwa vioo misimu miwili ya mvua, maana ukuta ukisogea hata kidogo kioo kinakatika. Kilichoharibu chini ni plasta ya saruji iliyopigwa miaka ya karibuni juu ya mawe yaliyojengwa kwa chokaa. Maji yanaingia, hayana pa kutokea, ndiyo maana alikuwa akiikwangua plasta hiyo, ili ukuta upate kukauka. Akatuomba sote tutoke tukaone, tuanzie nyuma.

Tulitoka. Mimi nilikuwa nyuma kabisa. Mzee akafika kwenye ufa wa kwanza, akapapasa ukuta mtupu. Akaenda kwenye wa pili. Watu wakaanza kuguna, na mhandisi akafunga faili lake. Mzee akageuka akawa anatutazama mmoja mmoja, anamtafuta aliyemfanyia vile. Macho yake yakanipita. Nadhani aliona kasichana ka ofisini tu.

Ningeweza kunyamaza, na hakuna mtu angejua hadi leo. Nikasema, "Nilivitoa mimi. Vilikuwa vizima vyote. Viko mezani kwangu."

Nikavileta. Mhandisi alisema kioo kilichobanduliwa hakithibitishi kitu, na katika hilo hakukosea. Nikamwonyesha viwili vya ukumbini. Ngazi ikaletwa, akapanda mwenyewe, akakaa huko juu muda mrefu. Aliposhuka alikiri kwamba ni vizima na tarehe zinasomeka. Ukumbi wa mbele ukaachwa. Upande wa nyuma, nilikobandua vile vitano, ulibomolewa mwezi uliofuata, pamoja na chumba cha kumbukumbu na kibaraza chake chenye ubaridi mzuri. Yale maduka unayoyapita kila siku yamesimama hapo kwa sababu yangu.

Kesho yake nilikwenda kwa Mzee Tluway kuomba radhi. Mkewe akanipa uji. Mzee alinieleza kwamba yule mwanamume aliyekuwa naye ni shemeji yake, mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, aliyekuwa amemletea habari za msiba. Kisha akaniambia maneno ambayo sijayasahau.

"Binti, kunishuku hukukosea. Hata mimi nilikushuku, wewe na ofisi yenu nzima, ndiyo maana nikawa napita nyuma bila kuaga. Ila mimi sikuuliza, nawe hukuuliza. Wale waliotaka kubomoa hawakuhitaji hata kutusukuma, tulianguka wenyewe."

Mvua zilipoisha alinifundisha kuchanganya chokaa na mchanga, tukaupiga upya ukuta wa ukumbi, yeye akikagua kila sehemu niliyopaka. Mpaka alipofariki sikuwahi kujua kama alinisamehe moyoni. Sikuthubutu kumuuliza.

Kwa hiyo, mwanangu, sikwambii uwaamini wale vijana wawili. Mimi mwenyewe siwaamini. Nimewaona wakipima hadi uwazi wa mbele, na hakuna aliyetueleza kwa nini. Ninachokwambia ni hiki: nenda kwao asubuhi, waamkie, omba barua iliyowatuma na uisome mpaka mwisho. Waulize kile chombo chao cha miguu mitatu kinapima nini na matokeo yanapelekwa kwa nani. Ukikuta alama ukutani, ipige picha, usiiguse. Jibu lao likikuongezea shaka, lipeleke kwenye mkutano, mchana, wenyewe wakiwa wamekaa hapo wanakusikia. Usiandike jina la mtu mahali ambapo hawezi kukujibu. Na wakiongea lugha usiyoijua, usijaze wewe maneno.

Nakuombea Engai, Mungu wa huku na wa kwetu Malambo, akupe macho makali na ulimi wa taratibu. Akupe ujasiri wa kusema "ni mimi" siku utakapokosea, maana utakosea. Na ukizeeka, akujalie kuketi ndani ya ukumbi ule ukiwa bado umesimama, na wanao wakusikie hata ukiongea polepole.