Ngazi Hamsini na Sita za Bi Hira

Mama mkwe wangu, Bi Daulat, hajui kusema "sijui". Alikata mapazia katika kiwanda kimoja cha Downsview, huku ughaibuni tunakoishi, kwa miaka ishirini na miwili, akastaafu, na tangu hapo amekuwa mtaalamu wa kila kitu: kisukari, kodi, theluji, na jinsi ninavyoharibu wali wa nazi. Nayasema haya kwa mapenzi, lakini nayasema.

Kwa hiyo shoga yake Bi Hira alipomwambia ana nadhiri ya kutimiza, Mama hakungoja kuombwa. Wawili hawa walizaliwa mtaa mmoja Tanga, Mama akiwa Khoja wa kwenda msikitini, mwenzake wa dini ya Kihindu. Sasa wanakaa jengo moja hapa Thorncliffe Park, ghorofa ya tisa na ya kumi na moja. Wakikutana ni Kiswahili cha Tanga tu. Mwanangu akipita huelewa kila neno, halafu huwajibu kwa Kiingereza.

Nadhiri yenyewe ilikuwa hivi. Mjukuu wa Bi Hira alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, kadogo kama mkate. Bibi yake akaapa kwamba mtoto akipona atakwenda Dwarka, mji mtakatifu wa Wahindu ulio pwani ya Gujarat. Pale mto Gomti unapoingia baharini, atapanda ngazi hamsini na sita hadi mlango wa hekalu kwa miguu yake mwenyewe, bila kubebwa na bila kugeuka nyuma. Mtoto sasa ana miaka tisa na anacheza hoki. Magoti ya bibi ndiyo yaliyochoka kungoja. Ikawa wazi kwamba ni mwaka huu au basi tena.

"Ngazi si zipo humu humu jengoni?" Mama akasema. "Kila ghorofa kumi na nne. Mara nne ni ngapi?"

Bi Hira akahesabu kwa vidole, kisha akacheka mpaka akakaa.

Kuanzia Novemba hadi Februari, kila asubuhi baada ya chai, Bi Hira alipanda kwa miguu kutoka chini hadi ghorofa ya nne. Kocha wake alikuwa Mama. Alikuwa akichukua lifti na flaski yake, akishuka ghorofa ya nne, akifungua mlango wa ngazi na kupaza sauti kwenda chini: "Shoga, umelala huko? Mbona nasikia goti moja tu?" Ndegwa, mtunza jengo letu, alidhani wamegombana. Wiki ya kwanza Bi Hira alitumia dakika ishirini na tano. Mwisho wa Februari alitumia saba, na Mama akajisifu utadhani magoti ni yake.

Mama aliposema naye atakwenda Dwarka, msikitini walimuuliza anakwenda kutafuta nini huko. "Namsindikiza shoga yangu," akajibu. "Miguu yake inakwenda kuabudu, yangu inasindikiza. Kuna kosa?" Mwezi Machi tukasafiri watatu, mimi nikiwa punda wa mizigo.

Hekaluni simu na mikoba ya ngozi haviingii, kwa hiyo nikabaki chini kando ya mto nikivilinda. Ilikuwa saa sita na nusu mchana. Mlango ungefungwa saa saba, usifunguliwe tena hadi saa kumi na moja. Bi Hira akaanza kupanda, Mama pembeni yake. Ngazi ya kumi, ya ishirini, ya thelathini. Nilimwonea fahari kweli kweli. Alikaribia arobaini ndipo nikaona yuko peke yake.

Mama alikuwa amekaa ngazi kadhaa chini yake, mkono kifuani, uso umepauka. Hapo ndipo nilipong'amua jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyeliwaza kwa miezi minne: kocha alikuwa anapanda lifti.

Mama hakuita. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe alinyamaza, na kimya hicho ndicho kilichomgeuza Bi Hira. Aligeuka akateremka, na kwa magoti yale kuteremka ni adhabu kuliko kupanda. Nilipowafikia mbio, tayari alikuwa ameketi kando yake akimpepea kwa upande wa sari.

"Panda, mwanamke," Mama akasema kwa taabu. "Watafunga. Nadhiri yako."

"Nimeshageuka. Imeshavunjika. Tulia."

"Umenipotezea miezi minne yangu."

"Yako?" Bi Hira akauliza.

Mlango ukafungwa. Nilitaka kulia, tena nilikuwa na hasira nao wote wawili. Bi Hira hakuonyesha hata kujuta. "Mungu yupo pale tangu enzi na enzi," akasema. "Saa nne hazitamuudhi."

Kumbe lilikuwa joto na pumzi fupi tu. Kivuli na madafu mawili vilimrudishia Mama rangi na maneno. Saa kumi na moja Bi Hira alishuka hadi mtoni, akaosha miguu, akaanza upya tangu ngazi ya kwanza. Mama alimkataza, akamwita kichwa ngumu, kisha akashikana naye mkono. Mikoba nikamwachia muuza maua, nikawafuata nyuma. Walipanda mbili, wakapumzika; mbili, wakapumzika. Ilichukua karibu saa nzima, na hakuna aliyebebwa.

Mama alibaki mlangoni. Bi Hira alipotoka macho yalikuwa yamelowa.

"Haya," Mama akamuuliza, "umeshukuru kwa ajili ya mtoto?"

"Nimeshukuru. Nilikuwa na mengine ya miaka tisa, lakini nilipofika mbele yalinipotea yote. Nikaomba moja tu. Siku ikifika, nitangulie mimi, usitangulie wewe."



"Hata hilo unataka kunipita," Mama akasema, kisha akalia waziwazi mbele za watu, nasi tukalia naye.