Redio Iliyopenda Ujumbe Mtupu

Kavuo alikuwa anasoma matangazo kila asubuhi kwenye redio moja ndogo ya Beni, na namba ya redio, ya kupokea ujumbe wa maandishi tu, aliitaja sana hewani mpaka watu wa Mbau na Oicha waliijua karibu kama Baba Yetu.

Kisha Mungu akaijalia redio injinia. Jina lake Mardochée, alitoka Kinshasa, na diploma yake aliitaja kabla ya jina. Wachuuzi wa dawa za kuongeza nguvu walikuwa wanajaza namba ya redio na anwani zao za intaneti, basi Mardochée akaapa kuwakomesha kwa chujio: kompyuta itupe kila ujumbe wenye nukta, maana anwani ya intaneti haikosi nukta. Kavuo akauliza, Mkristo mwema anayeweka nukta mwisho wa sentensi je? Injinia akajibu kwamba wasikilizaji wetu hawana desturi hiyo. Alikuwa anatufahamu sana, kijana yule.

Tangu siku hiyo matangazo yakakauka. Hakuna aliyefiwa, hakuna aliyetafuta mtoto. Mardochée alieleza kwamba watu sasa wameendelea, hawana tena shida. Wakati huo huo huko Mbau walikuwa wanakimbia mashamba yao kwa sababu ya vita, mama yake Kavuo kati yao, na simu ya mama haikupatikana tena. Kavuo alisali rozari na kutazama kioo cha kompyuta. Yaliyopita chujio la injinia yalikuwa matupu: namba ya mtumaji pembeni, ndani hakuna hata herufi. Namba moja ilirudi na kurudi.

Mardochée alitaka kuyafuta, akisema ni vidole vya watu vimeteleza.

“Ingénieur, usifute kwanza,” Kavuo akasema. “Mutu akiteleza, anateleza mara moja.”

Akapiga ile namba. Aliitika kijana wa pikipiki, akasema simu ni yake lakini kuna bibi mmoja anaiomba kila saa, akampa.

“Kavuo? Nilibonyeza vile unasemaka ku redio. Mais kuandika, sijue.”

“Mama, uko wapi?”

“Ku Oicha, ku kanisa. Miguu inavimba, sitembei tena. Kuja unikamate, unipeleke kwako.”

Kavuo alilia kidogo, akapangusa macho kwa kitenge, halafu akamuuliza injinia kwa upole wote: imekuwaje asiyeandika kitu apite, na walioandika wote watupwe?

Mardochée akafungua kazi yake, akaisoma herufi kwa herufi. Mwishowe akaeleza. Katika lugha ya chujio, nukta peke yake maana yake ni alama yoyote ile. Ukitaka nukta yenyewe, unatanguliza mkwaju ulioinama nyuma, ule mstari mdogo wa mshazari. Yeye mkwaju aliuweka. Mais amri inapita kwa programu mbili. Ya kwanza ilidhani mkwaju ni wake, ikauondoa, na ya pili, yaani chujio lenyewe, ikapokea nukta tupu. Donc, ndiyo maana kila ujumbe wenye hata herufi moja ulitupwa.

“Ni kama barrière ya barabarani,” Kavuo akasema. “Unatumia ndugu yako kuku, askari wa barrière anamukula, ndugu anapata kamba.”

Mardochée hakucheka. Alifungia amri yake ndani ya alama za kunukuu ili programu ya kwanza isiguse kitu, na ujumbe uliotupwa akautoa kwenye takataka. Ulijaa kioo kizima: vifo, watoto, bibi waliopotea njiani, watu wale wale wasio na shida.

Kavuo alivaa koti. Mardochée akamuuliza nani atasoma hayo yote, na majina ya Kinande, ya watu wa huku, yalivyo marefu.

“Wewe, Ingénieur. Soma pole pole, batu banangoja,” akasema, akatoka kutafuta pikipiki ya kwenda Oicha.