Kuba la City Hall na Miguu ya Riziki

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kamera. Patron, mwenye studio yetu pale karibu na soko la Warwick Junction, katika mji huu wa Wazulu, alinitwisha stendi ya kamera begani, akanipeleka hadi mbele ya City Hall, jumba la halmashauri ya jiji, akaniambia kazi yangu ya siku hiyo ni kutazama watu wanavyosimama wakijua wanapigwa picha. Nikatazama mpaka jua likanichoma kisogo. Jioni akaniuliza nimeona nini. Nikamjibu kwamba kila mtu anavuta tumbo ndani. Akacheka, akaniambia nirudi kesho.

Nyinyi mnaopiga picha kwa simu na kufuta msichokipenda, mngeteseka sana enzi zetu. Tulitumia filamu. Ukishafyatua, hujui umepata nini mpaka filamu isafishwe, yaani ipitishwe kwenye dawa gizani ndipo picha itokee kwenye karatasi. Kwa hiyo mteja tulimpanga kwanza, tukamnyoosha kola, tukasubiri wingu lipite. Mpiga picha asiyejua kusubiri alijulikana siku mteja anapokuja kuchukua picha zake, na wateja wetu hawakuwa watu wa kunyamaza.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Warwick yenyewe, sokoni. Nilifika na kamera shingoni nikijiona bwana, nikaielekeza kwa mama mmoja wa Kizulu aliyekuwa anauza mizizi ya dawa. Akainuka, akafunika lenzi kwa kiganja. “Sawubona kwanza,” akaniambia. Nikasalimia. Akaniuliza natoka wapi, mama yangu yuko hai, nimekula. Nilipomaliza kujibu yote hayo mwanga ulikuwa umeshaharibika, lakini kesho yake alinisubiri amefunga kitambaa kipya. Tangu siku hiyo salamu kwangu ni sehemu ya vifaa, kama betri.

Baadaye Patron akanihamishia City Hall, na hapo ndipo penye wateja hasa. Wengi walikuwa wenzetu, Wakongo na Warundi: wasusi, wauza simu, walinzi wa magari. Walitaka picha ya kutuma nyumbani, na hakuna aliyetaka kupigwa mahali anapofanyia kazi. Walitaka nguzo zile na lile kuba kubwa juu, ambalo wenyeji hupita chini yake kila asubuhi bila kuinua macho.

Patron alitoka Lubumbashi, mtu wa suti na tai hata kwenye joto la Februari, na alikuwa na sheria yake. “Petit, kuba kwanza,” aliniambia. “Mutu anaweza kupiga picha popote. Hapa anakuja sababu ya kuba. Na sura ionekane, mama yake asitafute na lunettes ya macho.” Kwa lenzi yetu ya kawaida, ile inayoona kiasi cha jicho la mtu, njia ilikuwa moja tu: mteja asogee karibu, picha imkate juu ya magoti. Ukirudi nyuma zaidi unaingia barabarani na mabasi yanakuziba. Mimi jambo hilo lilinikera, maana kwetu Bukavu mtu mzima hupigwa picha mzima, toka kofia mpaka kiatu. Lakini nilikuwa mbeba stendi juzi tu, nani angenisikiliza?

Basi akaja Riziki. Alikuwa msusi pale Warwick, mzaliwa wa Uvira, aliyetoka kwao kwa miguu wakati wa vita, katika njia ambayo wengi walikanyaga mabomu. Alivaa gauni la bluu na viatu vyeupe. Nikampiga kama sheria ilivyosema, kuba zima na Riziki nusu, picha ikatoka safi, akaituma kwao na msafiri.

Wiki kadhaa baadaye akarudi studio. Hakusalimia. Alikaa kwenye kiti cha wateja akaanza kulia.

“Kaka, mama anakataa kula,” aliniambia. “Picha ilifika. Anasema umenificha miguu sababu ya huruma. Anasema nilikanyaga bombe mu njia na sitaki kumuambia.”

“Si umempigia simu ukamwambia unatembea?”

“Nimemuambia. Anasema batoto ba mbali bote banasema beko bazima.”

Kaka yake aliyebaki Uvira alimwambia kwamba akina mama wa kanisa wanakuja kila jioni kumfariji mama, na kwamba amebaki mifupa. Hali ikiendelea hivyo, alisema, watampoteza.

Patron alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. “Bon,” akasema. “Tupige ingine, na viatu vionekane.”

“Nilimuambia hivyo, Papa. Akasema miguu ya mbao pia inavaa viatu.”

Patron akatoa funguo, akafungua kabati ambalo sisi vijana hatukuruhusiwa kulifungua, akatoa lenzi pana. Hiyo ni lenzi inayokusanya mengi kwa mara moja. Aliitunza kwa ajili ya kazi za kampuni, majengo na maghala. Ubaya wake ni kwamba kilicho karibu nayo hukikuza kupita kiasi. Nikamwonya kwamba nikiiweka chini ili nipate miguu na kuba pamoja, miguu itatoka mikubwa.

“Iwe mikubwa,” akasema. “Leo kazi ni miguu, bila viatu.”

Kesho yake tukakutana City Hall. Riziki alikuja na gauni lile lile la bluu na viatu vile vile vyeupe. Kwenye ngazi kulikuwa na maharusi na wapambe wao, na mlinzi wa jengo, na watu wa mapumziko ya mchana wakila chipsi. Nikalala kifudifudi juu ya sakafu, nikapima mwanga, nikamwambia niko tayari. Riziki hakuvua viatu.

“Kaka, bataniona mutu asiye na kiatu,” akasema taratibu. “Mbele ya City Hall. Nimetembea nchi ngapi, halafu picha ya kutuma ni hii?”

Nilimwonea uchungu, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Picha zile zilikuwa ndiyo heshima yetu, na sisi tulikuwa tunamwomba aivue hadharani. Nikabaki nimelala pale, kidevu sakafuni.

Patron akaketi kwenye ukingo wa barabara na suti yake. Akafungua kamba za viatu, akavua soksi, akazikunja vizuri ndani ya viatu, kisha akaja kusimama nyuma yangu peku. Vidole vyake vilikuwa vyeupe, havijaona jua miaka. “Bacheke sisi wawili,” akamwambia.

Wakacheka kweli. Mlinzi akasogea. “Eish, baba, what is this now?” Patron akamweleza mambo ya mama wa Uvira, na mlinzi akasikiliza hadi mwisho, kisha akaenda kuwazuia wapita njia wasitukatize. Riziki akavua viatu, akavishika nyuma ya mgongo. Nikamwambia atanue vidole, maana kidole chake kidogo cha kushoto kilikuwa kimepanda juu ya mwenzake na mama yake angekijua. Nikasubiri wingu lipite. Nikabonyeza.

Studio ile ilifungwa Patron alipozeeka, nami nikachukuliwa na kampuni moja ya kalenda huko mtaa wa Morningside. Meneja wetu alipenda nyumba za kale zenye baraza za chuma, bila mtu hata mmoja. “Subiri wapite,” alikuwa akiniambia kila siku. Nilisubiri, na kalenda zilikuwa nzuri, siwezi kumsengenya. Lakini wakishapita nilikuwa nikimwita dada wa kazi aliyekuwa getini nampiga ya kwangu, pamoja na nyumba yote. Picha hizo ndizo zimejaa ukutani kwangu hapa mtaa wa Berea, na wageni huzitazama kuliko televisheni.

Nimestaafu kwa sababu ya magoti; nikilala chini sasa, lazima aje mtu wa kuniinua. Vijana wa kanisani huniuliza kama kazi hii ina maana bado, wakati kila mtu ana kamera mfukoni. Nawaambia ina maana kubwa. Wakibisha, nawaeleza majibu ya picha ile yalivyokuja.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Riziki alituita mimi na Patron kwenye kontena la simu za kulipia pale Warwick, akapiga Uvira, akamwomba mwenye kontena aweke spika. Mama yake hakutoa salamu.

“Riziki, mbona miguu imekauka hivi? Huko mafuta haiko?”

Patron akageukia ukuta. Riziki akajibu kwamba mafuta iko, atapaka.

“Paka leo,” mama akasema. “Sasa niache, nasikia njaa.”